MAPUMZIKO NI AMANA
Hotuba ya Ijumaa ya mwanzo wa vakansi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mchana na usiku, akaufanya mchana uwe wa kutafuta riziki na usiku uwe wa kutulia. Tunamshukuru, tunamtaka msaada, tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, baba zetu, mama zetu, vijana na watoto wa madrasa: najiusia mimi mwenyewe kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa wazi, katika siku za kazi na katika siku za kupumzika.

Ndugu zangu, masomo yamefungwa. Mvua zimekata, njia zimekauka, maji ya Lualaba yameshuka mpaka mchanga unaonekana. Mpaka mwezi wa tisa watoto watakuwa nyumbani mchana kutwa. Katika kila nyumba kuna swali moja, hata kama hakuna aliyelitamka: siku hizi tuzifanyie nini?

Nimesikiliza majibu ya watu sokoni, kivukoni na hapa hapa barazani pa msikiti. Nimeyakuta ni matatu. Wa kwanza anasema: "Watoto wamekula bure mwaka mzima, sasa nao waende wakatafute." Wa pili anasema: "Waache, watajijua wenyewe," na yeye mwenyewe harudi nyumbani mpaka usiku. Wa tatu anacheka na kusema: "Sheikh, vakansi ni jambo la watu wa Ulaya na wakubwa wenye mshahara. Sisi tuliozaliwa na jembe mkononi tutapumzika kaburini."

Leo, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, nitawajibu wote watatu. Nitaanza na yule wa tatu, kwa sababu yeye ndiye wengi wetu.

KUPUMZIKA KUMEWEKWA NA MUNGU, SI NA WAZUNGU

Ndugu yangu unayesema utapumzika kaburini, fungua Kurani, Sura An-Naba. Humo Mola wetu anahesabu neema zake: ardhi aliyoitandika, milima aliyoisimamisha, sisi tulioumbwa wanaume na wanawake. Na katikati ya neema hizo kubwa ameutaja usingizi wetu, kwamba ameufanya uwe mapumziko. Tazama umewekwa pamoja na nani: pamoja na milima! Kitu ambacho Mungu amekihesabu pamoja na milima, wewe unakiita uvivu?

Tena mwili huu hukuununua. Umepewa, na siku moja utaurudisha. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama mja hatasogeza miguu yake mpaka aulizwe umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi akaitumia wapi, na mwili wake aliuchakaza katika jambo gani. Mtu akikuazima baiskeli, utaifunga mizigo ya mafuta mpaka ivunjike, kisha umrudishie vyuma? Basi mwili ni wa kuazimwa, na mwenyewe atauliza.

Masahaba nao walikosea hapa, wakasahihishwa. Salman al-Farsi alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mke wake amejiacha bila kujipamba, mnyonge. Alipomuuliza sababu, yule mama akamweleza kwamba ndugu yako hana haja tena na dunia. Mchana Abu Dardaa anafunga, usiku anasimama. Salman akala naye, akamlazimisha alale, mpaka ilipofika mwisho wa usiku ndipo wakasimama wakasali pamoja. Kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wa nyumbani kwako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema kwamba Salman amesema kweli. Hadithi hii imo katika Bukhari.

Umesikia, ndugu yangu? Aliyelaumiwa hapa si mlevi wala mcheza kamari. Ni mtu wa saumu na sala za usiku! Alilaumiwa kwa sababu alimpa Mungu kitu ambacho kilikuwa ni haki ya mke wake na haki ya mwili wake.

Siku nyingine Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza kamba hii ni ya nini. Akajibiwa kwamba ni ya Zaynab, akichoka kusali huishika asianguke. Akaamuru ifunguliwe, na akafundisha kwamba mtu asali akiwa na nguvu, akichoka aketi. Ikiwa kamba ya sala imefunguliwa, je, kamba zetu sisi? Kamba ya biashara, kamba ya madeni, kamba ya kutaka kuonekana hatuchoki? Wazee wetu wamesema kamba ikivutwa sana hukatika.

NENO JUU YANGU MWENYEWE

Sasa nitasema jambo ambalo ni zito kwangu kulisema juu ya mimbari, lakini anayewausia watu asijifiche nyuma ya maneno.

Nilianza kufundisha chuo nikiwa na miaka 22. Kwa miaka mingi, vakansi ilipofika, mimi nilikaza. Watoto wa jirani walikwenda mtoni, wangu walikaa chini ya mwembe na mbao zao tangu alfajiri mpaka alasiri. Mtoto akicheka, nilikohoa. Akicheka mara ya pili, aliiona fimbo. Niliamini kwamba mchezo ni mlango wa shetani na kwamba ninawajengea wanangu akhera. Walihifadhi, alhamdulillahi. Sikatai kwamba walihifadhi.

Mwanangu mkubwa alipokua alikwenda Lubumbashi kutafuta maisha. Akaoa huko, akapata watoto. Miaka mitatu iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, alinipigia simu baada ya kufuturu. Tuliulizana habari za nyumbani, kisha akaniambia, bila hasira hata kidogo: "Baba, wanangu wameniuliza, babu alikuwa anacheza nanyi mchezo gani? Nimetafuta la kuwajibu, nimekosa."

Nilinyamaza. Naye akanyamaza. Kredi ilikwisha yenyewe, na sikuweza kusema kama simu ilikatika mbele ya jibu langu au sikuwa na jibu.

Usiku ule niliitoa kabatini hadithi ambayo nimeifundisha watu pengine mara mia. Al-Aqraa bin Habis alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Nilikuwa nikiisoma hadithi ile kama habari ya bedui mmoja wa zamani. Usiku ule niliisoma kama barua yenye jina langu.

Ndugu msomaji, wewe uliye na watoto wadogo bado, simu yako haijalia. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Mtume wetu alikuwa na kazi kuliko sisi sote. Alikuwa imamu, kadhi, mkuu wa majeshi na mjumbe wa Mungu, na wahyi ulimteremkia. Pamoja na hayo, mjukuu alipompanda mgongoni akiwa katika sijda, alirefusha sijda mpaka watu wakadhani limetokea jambo, kisha akaeleza kwamba mtoto alikuwa amempanda, akachukia kumharakisha. Alikuwa akimtania mdogo wake Anas, mtoto aliyeitwa Abu Umayr, juu ya ndege wake mdogo. Alishindana mbio na bibi Aisha; mara ya kwanza bibi alimshinda, na miaka ilipopita na mwili wa bibi ukawa mzito, Mtume alimshinda yeye, akamwambia kwa kicheko kwamba hii inalipa ile. Na siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza na mikuki yao ndani ya msikiti, alimsimamia Aisha atazame mpaka atosheke mwenyewe.

Hanzala naye alitoka nyumbani akilia kwamba amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huiona pepo na moto kama kwa macho, lakini akirudi kwa mke na watoto na shamba husahau mengi. Mtume (s.a.w.) akamtuliza. Akamwambia kwamba kama wangedumu katika hali ile, malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani, lakini kuna saa na kuna saa. Saa ya ibada, na saa ya nyumbani. Zote mbili ni za Mwislamu.

NJIA NYEPESI ZISIZOTAKA FEDHA

Utasema: "Sheikh, nimeelewa, lakini mfukoni hamna kitu." Nami nakujibu kwamba mambo nitakayoyataja hayataki hata faranga moja, au yanataka kidogo sana.

La kwanza: lala. Usingizi mfupi wa mchana, qaylula, ni mwendo wa watu wema waliotutangulia. Katika jua la kiangazi, kati ya adhuhuri na alasiri, tandika mkeka kivulini na ulale kidogo. Usiku nao usiumalize kwa simu. Wengi wetu tunasema tumechoka na kazi, kumbe tumechoka na simu. Tunaikesha kwa picha na mabishano ya watu tusiowajua, kisha alfajiri tunaamka kwa tabu, au hatuamki. Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo yasiyo na maana baada ya sala ya isha. Katika vakansi hii, simu na ilale mbele yako.

La pili: tembea, na matembezi yako yawe na nia. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa miguu, mara amepanda mnyama, akasali rakaa mbili. Alikuwa na msikiti wake Madina, mbora kuliko ule, lakini alitoka, akatembea, akaona watu wengine. Alikuwa pia akiingia katika bustani ya sahaba wake Abu Talha, iliyokuwa ikielekea msikiti, akanywa maji yake matamu. Basi na wewe una Quba yako. Pengine ni shangazi upande wa pili wa mto ambaye hujamwona tangu Idi. Pengine ni mwalimu wako wa zamani ambaye macho hayaoni tena. Chukua watoto wawili, vukeni kwa mtumbwi, mwendo wa asubuhi, mkasalimu, mkarudi jioni. Mtume amefundisha kwamba anayetaka riziki yake ipanuliwe na umri wake urefushwe, aunge udugu. Safari hiyo moja inakupa mambo matatu: upepo wa mto, thawabu ya udugu, na mtoto aliyejua ukoo wake. Lakini usimfikie mwenyeji kama mzigo. Beba chochote, hata fungu la sombe.

La tatu: acha watoto wacheze, lakini uwaone. Katika Sura Yusuf, ndugu zake Yusuf walimwomba baba yao amruhusu aende nao kesho yake akafurahi na kucheza. Nabii Yaakub hakuwajibu kwamba mchezo ni haramu. Alijibu kwamba anaogopa mbwa mwitu wakati wao wameghafilika naye. Tazama fikiri ya baba mwenye hekima: hofu yake haikuwa mchezo, ilikuwa ni kughafilika. Huyu ndiye jibu la yule wa pili, anayesema watoto watajijua wenyewe.

Mtoni petu hakuna mbwa mwitu, lakini kuna mkondo, kuna mamba, kuna kiboko, na mchanga unaoonekana mgumu huwa na shimo pembeni. Kujifunza kuogelea ni jambo jema, na imepokewa katika hadithi kwamba ni miongoni mwa michezo isiyohesabiwa kuwa upuuzi, pamoja na mtu kucheza na watu wa nyumbani kwake. Basi mfundishe mwanao wewe mwenyewe, mahali panapojulikana, mtu mzima akiwa majini pamoja nao. Mtoto mdogo asiende mtoni peke yake hata kuteka ndoo moja. Wasiogelee katika madimbwi yaliyosimama, maana humo ndimo kichocho. Na maji ya kunywa yachemsheni. Katika jumuiya yetu tumekwisha kuzika watoto kwa ajili ya mto. Sitaki kusali sala ya jeneza fupi katika vakansi hii.

La nne: rudisheni jioni. Zamani baada ya chakula tulikaa nje, mwezi ukiwa juu, bibi akatoa hadithi na vitendawili. Huko ndiko tulikojifunza Kiswahili chetu, adabu yetu na majina ya wazee wetu. Wazee wa Kasongo na Nyangwe walijua kusimulia safari za mababu zao kituo kwa kituo. Wangapi miongoni mwa watoto wetu leo wanalijua jina la baba wa babu yao? Kila mzee anayelala bila kuulizwa ni kitabu kinachofungwa. Juma moja, siku mbili, muwekeni mzee katikati, mumuulize. Hamtahitaji fedha, mtahitaji mkeka tu. Naye mzee atapumzika kuliko wote, kwa sababu upweke unachosha kuliko jembe.

La tano, na hapa wanaume wanisikilize vizuri: mwacheni mama wa nyumba apumzike. Sisi tukisema "nyumba imepumzika", maana yake ni nini? Maana yake baba amelala, watoto wanacheza, na mama anapika mara mbili zaidi kwa sababu watu wote wako nyumbani na wageni wamekuja! Vakansi yetu imekuwa ni kazi ya mtu mmoja. Anaamka mbele ya adhana, anateka maji, anatwanga sombe, anakwenda sokoni, anarudi kupika, na wa mwisho kulala ni yeye. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Alishona nguo yake na kurekebisha viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe.

Basi ninawaomba jambo moja lenye kupimika. Katika kila juma la vakansi hii, siku moja, wanaume na vijana wa nyumba wateke maji, wapike, waoshe vyombo. Mama aketi. Akitaka kwenda kwa dada yake, aende. Akitaka kulala, alale. Ugali ukiwa na madonge, tutakula madonge. Hakuna aliyekufa kwa madonge. Na atakayekucheka kwamba mke wako amekushika, mwambie: Mtume wangu alitangulia.

YANAYOHARIBU MAPUMZIKO

Sasa namgeukia yule wa kwanza, anayesema watoto wamekula bure, waende wakatafute.

Ndugu yangu, mtoto kumsaidia baba yake shambani asubuhi, au kumsaidia mama yake kubeba karanga sokoni, hilo ni malezi, wala hatulikatazi. Kiangazi ni wakati wa kukata pori na kusafisha shamba tukingoja mvua za kupanda mpunga, na kijana lazima ajue jembe. Lakini sisi watu wa Maniema tunajua neno "kutafuta" siku hizi lina maana gani. Mkoa wetu una dhahabu, una madini ya bati, na vakansi ikifika baadhi ya watoto wetu wanapelekwa machimboni. Wanaingia mashimoni kwa sababu miili yao ni midogo. Wanabeba mifuko ya mchanga, wanaosha mawe wakiwa ndani ya maji baridi mchana kutwa. Huko wanakuta bia, bangi na mambo ambayo sitayataja msikitini. Mwezi wa tisa unafika, wengine hawarudi masomoni, kwa maana wamekwisha kuonja fedha. Na wako wasiorudi kabisa, shimo limewafunika.

Mtoto ni amana. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 katika nchi yetu inakataza kumtia mtoto katika kazi za hatari, na hata kama isingekataza, dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Ninajua njaa. Ninajua pia kwamba wengine mnaomtuma mtoto machimboni mnamtuma kwa machozi. Ndiyo maana simwambii mzazi huyo tu; ninaiambia jumuiya nzima. Ukijua nyumba inayotaka kumtuma mtoto kwa sababu ya deni au daftari za mwaka mpya, uje unieleze mimi au wazee wa kamati, kwa siri, kabla mtoto hajaondoka. Sanduku letu la sadaka ni dogo, lakini sanduku dogo linalofunguliwa ni bora kuliko kaburi dogo.

Kuna vingine vinavyojiita raha navyo si raha. Pombe haipumzishi, inaahirisha uchovu na kuuongeza riba. Kamari ya mipira, kijana anaweka fedha ya chumvi ya nyumbani juu ya mguu wa mtu aliyeko Ulaya, kisha analala na moyo unaodunda. Karamu za deni, mtu anakopa dola apate kuonekana katika arusi, furaha siku moja na kujificha njia za uani miezi sita. Na lililo baya zaidi ni kupumzika na sala. Mtu anasema yuko vakansi, basi alfajiri inampita, Ijumaa inampita. Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) akitaka kupumzika alimwambia Bilal awapumzishe kwa sala. Sala ndiyo iliyokuwa kivuli chake. Wewe unakimbia kivuli unakwenda kupumzika juani.

Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwangu na kwenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni mwingi wa kusamehe, mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillahi. Rehema na amani zimshukie Mtume wa Mungu.

Ndugu zangu, wako kati yetu wasio na siku ya mapumziko hata moja. Kijana wa pikipiki ambaye asipolipa fedha ya jioni kwa mwenye pikipiki, kesho hana kazi. Mlinzi wa usiku. Msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye watoto wa nyumba wanacheza naye anawafulia. Wewe tajiri, wewe mwenye duka, wewe mwenye nyumba: mapumziko yao yako mkononi mwako. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tusiwabebeshe walio chini ya mikono yetu kazi inayowashinda, na tukiwabebesha, tuwasaidie. Mpe kijana wako siku moja katika juma, na fedha ya siku hiyo usiidai. Msichana wa kazi mruhusu aende kwao akamwone mama yake, na nauli umpe wewe. Sadaka hiyo haitangazwi msikitini, lakini imeandikwa.

Na wewe usiye na tajiri wa kukupa ruhusa, wewe mwenye jembe lako au meza yako sokoni, jikatie mwenyewe. Mola wetu katika Sura Al-Jumua hakutufungia kazi siku nzima. Ametuita tuache biashara wakati wa sala, na sala ikiisha tutawanyike tukatafute fadhila zake. Basi hata saa moja ni saa. Leo, baada ya sala, kabla hujarudi kwenye meza yako, pita nyumbani. Kaa na watoto muda wa kunywa chai. Huo ni mwanzo.

Mtume (s.a.w.) amesema kwamba kuna neema mbili watu wengi wanakula hasara ndani yake: afya na wakati wa faragha. Faragha hii itakwisha. Mwezi wa tisa utafika, mvua zitarudi, maji yatapanda na kuufunika mchanga, watoto watavaa nguo nyeupe na buluu na kwenda masomoni. Na katika Sura Al-Inshirahi tumeagizwa kwamba tukimaliza jambo moja tusimame kwa jingine. Apumzikaye ili asimame tena, kupumzika kwake ni ibada.

Mtaniuliza: na yule mwanao wa Lubumbashi? Safari ni ndefu na nauli ni nzito, lakini vakansi iliyopita aliwaleta watoto. Nilikunja kanzu, nikashuka nao mchangani. Sikujua mchezo wowote, walinifundisha wao. Nilikimbia hatua kumi, pumzi ikakata, wakacheka, na mara hii sikukohoa. Mwanangu alikuwa amesimama juu ya ukingo anatutazama. Hakusema neno, wala mimi sikumuuliza.

Ewe Mola wetu, tupe mapumziko yasiyo na dhambi, na kazi isiyo na dhuluma. Walinde watoto wetu na mto, na shimo, na kila macho mabaya. Wahurumie mama zetu. Warehemu wazazi wetu waliotangulia. Wape amani ndugu zetu wa Kivu na Ituri na popote katika Kongo yetu ambako watu hawawezi kulala usiku kwa hofu. Hao usingizi wao umeibwa na vita, nawe ndiwe uliyeufanya usingizi uwe neema. Warudishie. Wanaume waliogombana na wana wao, wapatanishe kabla simu haijakatika. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu msomaji: karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake. Usiifungie karanga wala kuitupa njiani. Ukimaliza, msomee kwa sauti asiyejua kusoma, kisha mpe jirani.